Teatre iliyotoka kwenda kwa watoto

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa Majilio, nilikuwa nikiwafundisha watoto wa parokia yetu mchezo wa Noeli. Tulikuwa na wote: Maria na Yosefu, wachungaji, mamajusi watatu wenye taji za karatasi, tena Herode na askari wake. Mtoto wa Betlehemu alikuwa kitenge kilichokunjwa vizuri. Kijana mmoja wa miaka yapata kumi na miwili nilimpa kazi ya askari. Alipofika mahali pa kumnyang'anya mama mtoto wake, akasimama. Akaniuliza: «Mwalimu, na askari akikataa?» Wenzake wakacheka. Nami nikamwambia afuate maneno yaliyoandikwa, kwani saa zilikuwa zikikwisha na mvua ilikuwa karibu. Akafuata.

Lakini swali lake halikunitoka. Upande huu wetu wa Kongo wako watoto waliopewa bunduki za kweli, si za mti, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali au wanakataa. Yule mtoto aliuliza neno kubwa kuliko mchezo wangu wote, nami nikamfunga kinywa. Ndiyo sababu nilipokuja kusoma habari za teatre moja ya Uingereza, ambayo kwa miaka zaidi ya 30 ilikwenda shuleni kuwaruhusu watoto waulize maswali ya namna hiyo hasa, niliisoma kama mtu anayesoma barua iliyoandikiwa yeye. Teatre hiyo ni ya mji wa Coventry.

Watu wa Coventry walimjua Herode wa michezo tangu zamani sana. Mji wao uko katikati ya Uingereza, mbali na bahari. Kabla ya dini kubadilishwa katika nchi ile, vyama vya mafundi vilikuwa na desturi ya kucheza katika Sikukuu ya Mwili wa Kristu. Kila chama kilikuwa na gari lake la mbao, likavutwa katika njia za mji, na juu yake mafundi wakaonyesha sehemu moja ya historia ya wokovu. Waliocheza hawakuwa mapadri, wala hawakuwa watu waliosomea kazi hiyo. Walikuwa washonaji, wafumaji, wafua chuma. Chama cha wakata vitambaa na washonaji kilicheza kuzaliwa kwa Bwana pamoja na mauaji ya watoto wa Betlehemu. Wafumaji walicheza Mtoto kutolewa hekaluni. Michezo hiyo miwili tu ndiyo iliyotufikia sisi. Wimbo ambao akina mama wa Betlehemu wanawabembelezea watoto wao kabla askari hawajafika unaimbwa hata leo wakati wa Noeli katika nchi nyingi, na unaitwa kwa jina la Coventry. Michezo yenyewe ilichezwa kwa mara ya mwisho mwaka wa 1579. Hata kitabu cha mkono chenye mchezo wa washonaji kiliteketea mwaka wa 1879 katika moto wa maktaba ya Birmingham, lakini kwa bahati njema kilikuwa kimekwisha kunakiliwa na kupigwa chapa.

Tuiache miaka mingi ipite. Coventry ikawa mji wa kusuka utepe wa hariri na kutengeneza saa, halafu wa baisikeli, halafu wa motokari na injini za ndege. Mji wa viwanda vya namna hiyo haukosi kutafutwa na adui wakati wa vita. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani zaidi ya 400 ziliupiga mji huo kwa mabomu tangu jioni mpaka alfajiri. Watu zaidi ya 500 walikufa usiku ule mmoja, na nyumba kwa maelfu zilibomoka. Kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli, la Waanglikana, liliungua lote. Zikabaki kuta na mnara. Wenye kanisa hawakuziondoa kuta zile. Waliziacha wazi chini ya mbingu, wakajenga kanisa jipya ubavuni mwake, lililotabarukiwa tarehe 25 Mei 1962.

Kabla ya kanisa hilo kumalizika, mji ulikuwa umekwisha kujijengea nyumba ya michezo, yaani teatre. Mbao zake zilitoka mbali. Mji wa Belgrade, katika nchi iliyoitwa zamani Yugoslavia, uliipa Coventry mbao kama zawadi. Belgrade nao ulikuwa umepigwa mabomu na Wajerumani, mwezi wa Aprili 1941. Basi ni maskini aliyempa maskini mwenzake. Kwa shukrani teatre ikaitwa Belgrade. Ilifunguliwa tarehe 27 Machi 1958, yenye viti zaidi ya 800. Ilikuwa teatre ya kwanza kujengwa na mji wenyewe katika Uingereza tangu mwisho wa vita. Haikuwa ya tajiri fulani wala ya mfalme. Ilijengwa na kutunzwa kwa kodi za raia. Michezo mizuri ilichezwa humo mapema, kama ile mitatu ya Arnold Wesker juu ya jamaa ya wafanyakazi Wayahudi, iliyoonyeshwa kati ya mwaka wa 1958 na wa 1960.

Hapo ndipo nionapo mzizi wa habari yetu. Nyumba ikiwa imejengwa kwa kodi ya kila mtu, ni ya nani? Mfanyakazi wa kiwanda cha motokari anakatwa kodi sawa na mwenye duka, lakini jioni amechoka, haendi teatre. Na mtoto wake hajapata kuona hata mlango wake. Mlango ukiwa wazi, je, hiyo inatosha? Sisi makatekista tunalijua jambo hili. Kengele inalia, mlango u wazi, lakini wako watu ambao hawatakuja kamwe mpaka mtu mmoja afunge viatu vyake aende kwao.

Mwaka wa 1965 teatre ya Belgrade ilifunga viatu vyake. Mtu aliyeongoza kazi hiyo anaitwa Gordon Vallins. Halmashauri ya mji ilikubali kutoa feza, kikaundwa kikundi kidogo cha watu ambao kazi yao haikuwa kupanda jukwaani jioni, bali kwenda asubuhi katika shule za mji. Walimu hawakulipa kitu, watoto hawakulipa kitu. Kikundi kilipewa jina lenye maana ya «Teatre katika Mafundisho», nacho ndicho cha kwanza cha namna yake. (Katika mwaka uleule wa 1965 vijana kutoka kanisa kuu la Coventry walikwenda Dresden, katika Ujerumani ya Mashariki, kusaidia kujenga upya hospitali iliyobomolewa na mabomu ya Waingereza na Waamerika mwezi wa Februari 1945. Ni habari nyingine, lakini siwezi kuipita bila kuitaja. Inaonekana mwaka ule mji huo ulikuwa ukiwategemea sana vijana wake.)

Sasa tazameni namna walivyofanya kazi, maana hapo ndipo penye utajiri. Sisi tunaposema «mchezo kwa watoto» tunaona watoto mia tatu wameketi chini, wanapiga makofi, wanarudi nyumbani. Watu wa Coventry walikataa hesabu hiyo. Walichukua darasa moja, watoto wa darasa moja tu, wakakaa nao asubuhi nzima au mchana mzima. Kabla ya siku hiyo walionana na mwalimu wa darasa, ili ajue kitakachokuja na awatayarishe watoto. Baadaye walimwachia mambo ya kuendelea nayo. Walioingia darasani walikuwa waigizaji na walimu kwa pamoja. Ilibidi wajue kucheza, na ilibidi wajue kumsikiliza mtoto. Si kila mwigizaji anaiweza kazi hiyo, na mimi nasema si kila mwalimu pia. Tena watoto hawakukaa kando kutazama. Walipewa kazi ndani ya habari yenyewe: wakawa wanakijiji, au mashahidi, au mafundi. Habari ilifika mahali ambapo haiwezi kuendelea mpaka wao waseme neno.

Mwaka wa kwanza walikuwa na programu za namna tatu. Kwa watoto wadogo kabisa ilikuwa habari ya mwuza puto ambaye puto zake zilitoroka. Kwa wakubwa kidogo ilikuwa habari ya siri ya jiwe. Kwa vijana wa sekondari walichagua jambo la kweli na la kutisha: kuanguka kwa daraja la Tay.

Daraja hilo la reli lilikuwa Scotland, lenye urefu wa zaidi ya kilometa 3. Lilifunguliwa kwa wasafiri mwezi wa Juni 1878, na fundi wake mkuu, Thomas Bouch, akapewa heshima na Malkia Victoria mwaka uliofuata. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, katika upepo mkali, sehemu ya katikati ilianguka majini pamoja na gari moshi lililokuwa likipita juu yake. Hakuna msafiri hata mmoja aliyepona. Katika uchunguzi wa mwaka wa 1880 yalitokea mengi. Nguzo za chuma zilisubiwa vibaya, na mashahidi walisema kwamba matundu katika chuma yalizibwa kwa nta na vumbi la chuma ili yasionekane. Nguvu ya upepo haikuhesabiwa kama ilivyopasa. Watunzaji wa daraja hawakulitunza. Lawama kubwa ilimwangukia Bouch, naye akafa mwaka uleule wa 1880.

Jaribuni kuwaza vijana wa miaka 14 au 15, wana wa mafundi wa viwanda vya Coventry, wakiletewa habari hiyo. Ni nani aliyewaua watu wale? Ni mfanyakazi aliyeziba tundu kwa nta? Ni msimamizi aliyemwona akanyamaza? Ni fundi mkuu ambaye hakuhesabu upepo? Ni kampani iliyotaka daraja la bei ndogo? Baba zao, kila siku, walikuwa wakifunga skrubu katika motokari ambazo watu watapanda. Naona hapo swali la dhamiri lenye mikono na miguu, si lile la katekisimu la kujibiwa kwa kukariri. Na tusiseme kwamba ni habari ya Wazungu. Sisi tunapanda magari ya moshi ambayo reli zake ni za zamani, tunapanda mashua za ziwani zilizojaa kupita kiasi, na baada ya msiba tunaambiwa kwamba ni dereva tu mwenye makosa.

Lakini programu iliyonigusa kupita zote ni ile waliyoitengeneza mwanzo wa miaka ya 1970 kwa ajili ya watoto wa miaka sita na saba. Jina lake ni «Pow Wow». Nawaeleza kwa kifupi. Watoto wanaingia katika chumba, wanamkuta mchunga ng'ombe wa Amerika, mwenye kofia pana na bunduki, kama wanavyomjua katika sinema. Ni mtu mcheshi, wanampenda mara moja. Naye anawaonyesha kitu cha ajabu alicho nacho: kizimba, na ndani ya kizimba mtu, mmoja wa wale wenyeji wa Amerika walioitwa Wahindi Wekundu. Anasema ni mtu wa hatari. Anamwonyesha kama mnyama wa maonyesho. Halafu mchunga ng'ombe anaondoka kidogo, watoto wanabaki na yule mtu. Polepole wanagundua kwamba anasema, kwamba ana desturi zake, ana hema lake la kujenga, ana mambo anayoyaheshimu. Wanafanya urafiki. Mwisho mchunga ng'ombe anarudi. Sasa watoto wamesimama katikati ya watu wawili, na kila mmoja anawataka wawe upande wake. Hakuna mtu mzima wa kuwaambia lililo sawa. Waigizaji wanangoja.

Mtu anaweza kusema: ni mambo mazito mno kwa mtoto wa miaka sita. Nami nilisema hivyo nilipoisoma mara ya kwanza. Lakini nikakumbuka kwamba ndugu yetu mmoja aliwekwa katika kizimba kweli, na waliokwenda kumtazama walikuja na watoto wao.

Jina lake lilikuwa Ota Benga, Mmbuti kutoka Kongo. Mwamerika mmoja, Samuel Verner, alimchukua kwa maonyesho makubwa ya mji wa St. Louis ya mwaka wa 1904. Mwezi wa Septemba 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, katika nyumba ya nyani, na watu kwa maelfu wakaja kumtazama na kumcheka. Wachungaji weusi wa mji ule ndio waliopiga kelele mpaka akatolewa. Alikaa baadaye Lynchburg, katika Virginia, akafanya kazi, akajifunza lugha ya huko. Mwezi wa Machi 1916 alijiua kwa bastola. Na kabla yake, mwaka wa 1897, Wakongomani 267 walipelekwa Tervuren, karibu na Bruxelles, wawe vijiji vya kutazamwa katika maonyesho ya Mfalme Leopold wa Pili. Saba kati yao walikufa huko, na makaburi yao yako ubavuni mwa kanisa mpaka leo. Hata mwaka wa 1958, mwaka uleule teatre ya Belgrade ilipofunguliwa, katika maonyesho makubwa ya Bruxelles palikuwa na kijiji cha Wakongomani nyuma ya ua, na wenyewe wakaondoka kwa hasira kabla ya maonyesho kwisha, kwa sababu ya dharau za watazamaji.

Basi nauliza: kama watoto wa New York wa mwaka wa 1906 wangalipewa asubuhi moja tu ya namna ile, wakae na Ota Benga bila baba zao kucheka nyuma yao, wangalisema nini? Sithubutu kuwajibia. Lakini naona kwa nini watu wa Coventry hawakungoja watoto wakue kwanza.

Kuna programu nyingine ya miaka hiyo, juu ya uchafu unaotupwa katika maji na ardhi. Sehemu moja ilieleza habari ya Minamata, katika Japani. Kiwanda kimoja kilikuwa kikitupa zebaki baharini. Samaki wakaila, watu wakala samaki. Mwaka wa 1956 ugonjwa ulitambuliwa rasmi: watu walitetemeka, walipofuka, watoto walizaliwa na vilema. Kesi ya wagonjwa ilihukumiwa mwaka wa 1973, nao wakashinda. Waigizaji wa Coventry waliwapa watoto wa shule za msingi habari hiyo. Sisi watu wa nchi ya migodi hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini ni habari ya kuwafaa watoto.

Mfano wa Coventry ukaigwa. Katika miaka ya mwisho ya 1960 na katika miaka ya 1970 vikundi vya namna hiyo vilizaliwa katika teatre za Bolton, Leeds, Edinburgh, Greenwich na Nottingham, na jina hilo la Teatre katika Mafundisho likafika nchi nyingine nyingi. Si kila mtu aliyefurahi. Wako walimu na wakuu wa miji waliosema kwamba vijana wale waigizaji wanaleta siasa shuleni, kwamba wanawafundisha watoto kuwachukia wakubwa. Nionavyo mimi, lawama hiyo haikuwa ya bure kabisa. Mtu anaweza kumwuliza mtoto swali huku jibu analitaka liwe moja tu, na mtoto ni mwepesi kutambua jibu linalotakiwa. Nasi tunayafanya hayo katika mafundisho kila juma. Programu nzuri za Coventry ni zile ambazo waigizaji walistahimili kusikia jibu wasilolipenda.

Ugomvi mwingine ulikuwa wa feza, na huo ndio uliokuwa na meno. Hesabu ya kazi hii ni mbaya machoni pa mwenye kuhesabu. Waigizaji watatu au wanne, asubuhi nzima, watoto 30 au 35, na sanduku la kuingiza halina hata senti. Jioni jukwaani waigizaji walewale wangechezea watu 800 wenye tikiti. Kila mwaka ambapo feza ilipungua, swali lilirudi: kwa nini tuwalipe watu ambao hawatuletei kitu? Na jibu la kweli haliwezi kuandikwa katika daftari la hesabu, kwani tunda la asubuhi ile litaonekana baada ya miaka ishirini, tena si katika teatre.

Kwa muda mrefu kikundi kililindwa na utaratibu wa serikali ya mahali. Feza za shule zote za mji zilikuwa mkononi mwa ofisi moja ya elimu, na ofisi hiyo iliweza kusema: shule zetu zote zitatembelewa, tajiri na maskini, bure. Mwaka wa 1988 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya elimu, ambayo kati ya mambo mengi ilizigawa feza hizo ziende kwa kila shule na mkuu wake. Kwa maneno ni jambo zuri, kila shule ijitawale. Lakini tazameni lililotokea. Mkuu wa shule anayeona paa linavuja na vitabu havitoshi atachagua nini, paa au waigizaji? Atachagua paa, nami ningalichagua paa. Vikundi vingi vikakonda, kimoja baada ya kingine. Kile cha Coventry, mzaliwa wa kwanza, kilifungwa mwaka wa 1996. Kilikuwa kimefanya kazi miaka 31.

Nimeona jambo hili likiandikwa kama kifo cha kawaida, kwamba kila kitu kina wakati wake. Sikubali. Hakuna aliyethibitisha kwamba watoto wa mwaka wa 1996 hawakuhitaji tena kuulizwa. Kilichokufa ni mfuko wa pamoja, ule uliomwezesha mtoto wa shule isiyo na kitu kupata kile apatacho mtoto wa shule yenye vyote. Wakristu wanaotoa zaka wanajua tofauti kati ya kikapu kinachopitishwa kwa wote na kila mtu kubaki na chake mfukoni.

Teatre yenyewe haikufa. Ilipanuliwa, ikafunguliwa tena mwaka wa 2007 ikiwa na ukumbi wa pili, mdogo. Kazi kwa vijana wa mji ilibaki kwa namna nyingine: vikundi vya vijana wanaokutana kujifunza kucheza na kutunga, na michezo inayotengenezwa pamoja na watu wa mitaa ya Coventry, ambao wengi wao leo ni wana wa watu waliotoka India, Pakistani, visiwa vya Karibi na Afrika. Ni kazi njema. Lakini hapo kijana ndiye anayekuja, na yule ambaye haji ni shauri jingine.

Tena Belgrade imekwisha kuirudia ile michezo ya vyama vya mafundi, ikaicheza katikati ya magofu ya kanisa lililoungua, chini ya mbingu wazi. Herode akapita tena pale pale mabomu yalipopita. Ningalipenda sana kuona watu wanasikilizaje wimbo wa akina mama wa Betlehemu mahali pale.

Yule kijana wangu wa zamani amekua, jamaa yake wamehamia mji mwingine, sina namna ya kumjibu. Katika Majilio haya tunacheza Noeli tena. Nimeyaandika upya maneno yote, ila katika sehemu ya askari na mama nimeacha nusu ukurasa mweupe. Watoto watakaa hapo pamoja, wale wenye bunduki za mti na wale wenye vitenge, na tutaona. Padri wetu ameniomba nimwonyeshe mapema kitakachosemwa. Nimempelekea ukurasa ulivyo.